Misaada ikifika Kigoma baada ya tetemeko kubwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na vikundi vya kujitolea, wazee wa misikiti na makanisa, wenye malori na wenye boti, na wana Kigoma walioko Dar, Mwanza au Ughaibuni ambao ardhi ikitikisika tu huanza kuchangishana kwenye magrupu ya WhatsApp. Majibu yameandikwa kabla ya jambo lenyewe kutokea, wakati watu bado wana nafasi ya kubishana nayo.

Kwani Kigoma kunaweza kupiga tetemeko kubwa kweli?

Ndiyo. Ziwa Tanganyika limekaa ndani ya mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa. Kina chake cha takriban mita 1,470 kimetokana na ardhi kuachana kwa mamilioni ya miaka, na bado inaachana. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga chini ya ziwa karibu na Kalemie, ng'ambo yetu, likasikika hadi Nairobi. Desemba 1910 lilipiga jingine la 7.4 upande wa Rukwa, na mpaka leo linahesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa kupimwa Afrika Mashariki.

Tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016, lililoua watu na kubomoa maelfu ya nyumba pamoja na shule za Ihungo na Nyakato, lilikuwa la 5.9 tu. Tetemeko la 7 hutoa nishati zaidi ya mara 40 ya hilo.

Lini? Hakuna ajuaye. Wataalamu wa GST (Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania) kule Dodoma hupima tetemeko likishapiga. Hawatabiri siku wala saa. Ukitumiwa ujumbe wa sauti unaosema "kesho saa nane usiku", ufute.

Saa za mwanzo nani anawatoa watu kwenye kifusi?

Jirani. Vikosi vya kutoka nje ya mkoa vitahesabu saa nyingi njiani, na vya kutoka nje ya nchi siku nzima au zaidi. Kwa hiyo vifaa vya mwanzo ni vile vilivyoko mtaani tayari: jeki za malori, nondo, sululu, misumeno, kamba za boti, tochi, glovu nene. Kamati ya mtaa inayojua fundi yupi ana jeki ya tani 20 na funguo za gereji anaziacha kwa nani imeshafanya kazi ambayo hakuna ndege itakayoifanya. Zimamoto ni 114, nao wataarifiwe mapema, lakini msikae kuwasubiri.

Kwa nini misaada huchelewa wakati televisheni inaonyesha ndege zimejaa mizigo?

Kwa sababu mzigo hupita kwa kasi ya mlango mwembamba kuliko yote katika safari nzima, na mlango huo mara chache uko kwenye uwanja wa ndege mnaouona.

Haiti, Januari 2010: tetemeko la 7.0 liliangusha winchi za bandari ya Port-au-Prince majini. Uwanja wa ndege ulikuwa na njia moja ya kurukia na sehemu chache za kuegesha, ndege zikazunguka angani zikisubiri zamu, nyingine zikageuzwa. Sehemu kubwa ya mizigo ikalazimika kupita nchi jirani, Jamhuri ya Dominika, na kuingia kwa malori. Nepal, Aprili 2015: tetemeko la 7.8, na uwanja wa Kathmandu nao una njia moja. Ilipoanza kupasuka kwa uzito, ndege zenye zaidi ya tani 196 zikapigwa marufuku. Mizigo iliyoshuka ikakwama tena, maana vijiji vya milimani havikuwa na barabara iliyobaki, na ilibidi watumike nyumbu na wapagazi.

Nepal walikuwa na bahati moja waliyoitengeneza wenyewe. Mwezi mmoja kabla, Machi 2015, eneo maalumu la kupokelea misaada lilikuwa limekamilika pale uwanjani: mahema ya stoo, sehemu ya kushushia, folklifti. Bila hilo hali ingekuwa mbaya zaidi. Ninalitaja kwa sababu ni jambo dogo, la bei ya kawaida, na hufanyika kabla.

Kwetu huo mlango mwembamba uko wapi?

Tuanze na barabara. Ya Tabora inakuja kupitia Kaliua na Daraja la Kikwete juu ya Malagarasi. Ya Mpanda inapanda kutoka kusini. Zote mbili hukutana Uvinza. Kutoka hapo zinaungana na ile ya Nyakanazi, Kibondo na Kasulu pale Kidahwe. Kwa ramani ya nchi Kigoma ina njia tatu, lakini dereva anajua zote zinaishia kuwa moja. Kidahwe ikiziba, kinachobaki ni kuzungukia Buhigwe na Manyovu hadi Mwandiga, kwenye milima na miteremko ambayo tetemeko lenyewe linaweza kuwa limeimwaga barabarani. Morocco, Septemba 2023, barabara za milima ya Atlas zilifunikwa na mawe hivyo hivyo, na punda wakafika kabla ya malori.

Reli ya zamani ya upana wa mita moja ilifika Kigoma mwaka 1914, na ya kisasa kutoka Tabora bado inajengwa. Behewa moja hubeba takriban tani 40, yaani kazi ya malori manne ya tani 10, na kwa unga, bati na saruji hakuna kinachoishinda. Ila reli haina njia ya mchepuko. Kipande cha Kilosa hadi Gulwe kimesombwa na mafuriko mara nyingi bila tetemeko lolote. Na tetemeko likipinda reli eneo moja tu kati ya Kaliua na Kigoma, treni yote inasimama.

Ndiyo maana ningeweka stoo kuu Tabora, si Kigoma mjini. Tabora iko mbali na ufa wa ziwa, ni makutano ya reli ya Dar, Mwanza na Kigoma, ina uwanja wa ndege, na Bohari ya Dawa ina kanda pale. Mzigo upangwe Tabora, uvunjwe kwa mafungu ya kata, ndipo uje. Kuleta kila kitu Kigoma ili "tutapangia hukohuko" ni kuhamishia msongamano pale palipoumia.

Na vijiji vya ziwani visivyo na barabara?

Hapa ndipo penye swali lenyewe, na Kigoma tumeshalifanyia mtihani, ingawa haukuwa wa tetemeko.

Mei 2015 maelfu kwa maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijazana Kagunga, kijiji cha wavuvi mpakani kaskazini, milima mgongoni na ziwa mbele. Barabara ya gari hakuna. Kipindupindu kikazuka na watu wakafa. Kilichowatoa ni MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 na kuunganishwa tena hapa Kigoma, ikichukua kama watu 600 kwa safari na kuwaleta mjini, kisha Uwanja wa Lake Tanganyika, halafu mabasi hadi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu.

Meli ipo, watu wapo, ziwa limetulia, basi tatizo liko wapi? Gati. Kagunga meli haiwezi kusogea ufukweni, inatia nanga mbali kidogo. Kila mtu, mgonjwa, mtoto na furushi lake, alipanda mtumbwi kwanza, kisha akavutwa ubavuni mwa meli. Kazi ya siku nzima ilipimwa kwa mitumbwi, na ukubwa wa Liemba haukusaidia kitu hapo.

Sasa geuza safari hiyo. Badala ya kuwatoa watu unaingiza mabati, magunia na maturubai Kagunga, Mwamgongo, au kusini Sigunga, Buhingu, Kalya. Mfuko wa kilo 50 unaposhushwa kutoka melini kwenda mtumbwi unaoyumba unahitaji makuli wanne wanaojuana, na mfuko mmoja katika kadhaa utalowa. Kwa hiyo mzigo wa ziwani ufungwe kwa kilo 25 au chini ya hapo, ndani ya plastiki, na kila furushi liandikwe kijiji chake kwa rangi, pande mbili. Ukimuuliza mchukuzi yeyote wa Kibirizi, bandari ya boti za mbao hapa Kigoma, atakwambia hayo bila semina.

Boti za mbao za Kibirizi ndizo uti wa mgongo. Kila moja hubeba tani chache tu, lakini inafika mchangani na nahodha anajua mwamba uko wapi. Meli kubwa hukaa matengenezoni muda mrefu, kwa hiyo mpango unaoanza na sentensi "meli itachukua" una tundu. Mpango mzuri huanza na daftari: boti ngapi, injini za ukubwa gani, nani ana makoti ya kuokolea, petroli iko kwa nani. Na msimu uangaliwe. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini unaweza kulifungia ziwa kwa siku nzima. Ila ziwa likifungwa kwa uvuvi, kama mwaka 2024 kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, boti nyingi ziko pwani na vijana hawana kazi. Kwa uchukuzi wa dharura hiyo ni neema.

Helikopta je?

Kwa majeruhi na kwa madaktari, ndiyo. Kwa unga, hapana, isipokuwa hakuna njia nyingine. Mi-8, ambayo ni kubwa, huchukua kati ya tani 2 na 4 kutegemea umbali na mafuta, na mafuta yenyewe lazima yafikishwe Kigoma kwa lori au treni kwanza.

Watu 10,000 wanahitaji nini kwa siku?

Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika mengi huvifuata, vinataja lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, kilokalori 2,100 za chakula, na mita za mraba 3.5 za paa.

Chakula: unga, maharage, mafuta na chumvi hufika kama nusu kilo kwa mtu. Watu 10,000 ni tani 5 kwa siku, nusu ya lori la tani 10. Si mzigo wa kutisha. Lakini maharage yanataka kuni za saa nyingi na sufuria, na sufuria ziko chini ya kifusi. Wiki ya kwanza ni bora unga wa uji, dagaa na mawese, vitu ambavyo mkoa unavyo na mama wa hapa anajua kuvipika bila kuelekezwa.

Maji ndiyo yenye hesabu ya kushangaza. Lita 15 mara 10,000 ni lita 150,000, yaani magari 15 ya maji ya lita 10,000, kila siku, kwenye barabara zilezile zilizoziba. Wakati huohuo tumekaa kando ya ziwa la maji baridi. Kinachokosekana ni pampu, ambazo umeme ukikatika zinalala, na dawa. Tembe moja ya klorini ya miligramu 67 hutibu lita 20 za maji yasiyo na tope. Lita 150,000 ni tembe 7,500, mzigo ambao kijana mmoja anaubeba mgongoni kupanda milima ya Kagunga. Ongeza madumu yenye mifuniko na mtu wa kuelekeza dakika za kusubiri kabla ya kunywa. Kila ninapoona picha ya katoni za maji ya chupa zikipakiwa Dar kwenda mkoa wenye ziwa hujiuliza nani aliyeidhinisha.

Tulete mahema au maturubai?

Maturubai, kamba na misumari. Hema la familia lina kilo 50 na kitu. Turubai la mita 4 kwa 6 halifiki kilo 5, na familia ikipewa mawili na kukata miti yake inapata paa siku hiyohiyo. Mahema yahifadhiwe kwa zahanati na kwa madarasa. Wenye nyumba wengi hawatakubali kuhama kiwanja chao hata hivyo. Wanataka kulala pale wanapoweza kulinda mabati na mbuzi wao, na mpango unaowalazimisha uwanja wa mpira utaishia na mahema matupu.

Tuna marobota ya nguo. Tuyalete?

Hapana. Baada ya tetemeko la Pakistan la Oktoba 2005 nguo za misaada zilitupwa kandokando ya barabara, na kila robota lilikuwa limechukua nafasi ya blanketi kwenye lori. Nguo zina mnunuzi Dar: uzeni, mtume fedha. Vinavyokosekana kweli ni khanga, vitambaa vya hedhi, chupi mpya na kandambili.

Maziwa ya kopo na dawa?

Maziwa ya kopo ya watoto wachanga msilete kwa kujichangia. Kwenye maji machafu chupa ya mtoto ni njia fupi ya kuharisha, na mama anayenyonyesha asaidiwe aendelee kunyonyesha. Watoto wasio na mama wanapewa kupitia wahudumu wa afya.

Dawa zipitie Bohari ya Dawa na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba). Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka dawa za msaada ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda zinapofika nchini. Boksi la vidonge mchanganyiko vilivyobaki kabatini kwa shangazi litamchukua mfamasia wa hospitali ya Maweni nusu siku kulipanga, na nusu siku hiyo ana majeruhi.

Kwa nini tusitume pesa tu?

Kama soko linafanya kazi, pesa ndiyo bora: hazihitaji lori, na mwenye duka wa Kasulu naye anainuka. Lakini angalieni mambo mawili. Mnara ukianguka, pesa ya simu ni namba tu. Na mnara ukisimama, wakala huishiwa floti: watu mia tano wakija kutoa siku moja kwenye kijiji chenye wakala wawili, wa sita anaambiwa arudi kesho, na wengine watakatwa kinyume na bei. Tumeni kwa mafungu, kijiji leo na kijiji kesho, na mpangeni na mawakala kabla.

Lazima tupitie serikalini? Tunawajua watu wetu.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi ngazi ya chini, na shughuli nzima iko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Pitieni hapo. Najua manung'uniko: foleni, mihuri, picha za makabidhiano na kiongozi aliyechelewa huku lori likiungua jua. Ni ya haki. Hata hivyo lori binafsi linaloingia bila taarifa husimama kijiji cha kwanza chenye lami, kwa sababu ndicho kinachofikika na ndicho kilichosimamisha lori. Hicho hupewa mara tatu, cha ndani hakipewi. Toeni taarifa ya mzigo kwa kamati ya wilaya, pateni kijiji chenu, kisha nendeni wenyewe mkashushe. Si lazima kuchagua kati ya kupitia serikalini na kushika mzigo wenu kwa mikono.

Orodha ya wanaostahili iandikwe na nani?

Mtendaji wa kijiji anayo rejista, aanze nayo, kisha isomwe hadharani mbele ya watu. Wanaosahaulika huwa ni walewale: wapangaji (msaada wa nyumba unamfuata mwenye nyumba), wake wadogo, wajane waliohamia kwa kaka, wavuvi wa kambi za muda, na watu wasio na kitambulisho, ambao kwenye mkoa wa mpakani si wachache. Kusoma majina kwa sauti huleta kelele siku moja na kupunguza kesi za mwezi mzima. Mkoa huu umepokea wakimbizi kwa miongo. Kuna vijana wengi wa Kasulu na Kibondo waliowahi kufanya kazi za ugawaji kambini. Waajirini hao kabla ya kumwita mtaalamu wa mbali.

Stoo iwe wapi mjini?

Popote pasipo na ufa ukutani, hata kama ni hema. Matetemeko yanayofuatia huua: Nepal ilipigwa tena na la 7.3 tarehe 12 Mei 2015, majengo yaliyobaki yamelegea yakaanguka. Isiwe pia ukingoni kabisa mwa maji. Wakazi wa Kibirizi na Katonga wameshaona ziwa likipanda miaka ya karibuni.

Tetemeko likipiga Kalemie au Bujumbura, sisi linatuhusu nini?

Bandari ya Kigoma ni mlango mmojawapo wa mizigo ya Kongo na Burundi, kwa hiyo misaada yao itapita hapa, ikigombea winchi, makuli na mafuta yaleyale. Ugumu mwingine ni makaratasi. Februari 2023, baada ya tetemeko la Uturuki na Syria, misafara ya Umoja wa Mataifa kuelekea kaskazini-magharibi mwa Syria ilikuwa na kivuko kimoja tu kilichoruhusiwa, Bab al-Hawa, na msafara wa kwanza baada ya tetemeko ulivuka tarehe 9, siku tatu baadaye. Malori yalikuwepo. Orodha ya mzigo, jina la mpokeaji na barua ya msamaha wa kodi viandaliwe kabla mzigo haujaondoka Dar. Afisa wa forodha asiye na karatasi mkononi hana la kufanya hata akiwa na huruma.

Miili isiyozikwa haraka inaleta kipindupindu?

Miili ya waliokufa kwa kuangukiwa na nyumba haianzishi magonjwa ya mlipuko. Kipindupindu huletwa na maji na vyoo. Msichimbe kaburi la pamoja kwa hofu. Ndugu wapewe nafasi ya kuwatambua wao.

Nina lori la tani 10, liko Tabora, tupu. Nifanye nini?

Usiondoke tupu, na usiondoke bila kujua utakakoshushia. Andika kwa kamati ya mkoa namba ya gari, uzito, na kama lina turubai la kufunika. Jaza mafuta ya kwenda na kurudi hapo hapo, maana vituo vya Kigoma bila umeme vina mafuta chini ya ardhi na hakuna pampu ya kuyatoa. Chukua utingo wawili badala ya mmoja, spea mbili, sululu na mnyororo wa kuvutia magari. Ukifika Uvinza, simama uulize waliotoka mbele Kidahwe ikoje kabla hujaendelea. Na ukishashusha, usikae Kigoma kusubiri shukrani wala picha: pakia majeruhi wanaoruhusiwa kusafiri au madumu matupu, rudi Tabora, ingia foleni tena.